Tope la Kitanda cha Nne

"Dada, barafu si ya kuuza. Barafu ni ya samaki."

Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, upande wa samaki katika soko la Kakamega. Muuzaji aliyesema hivyo, Quinter, alikuwa na foleni ya wateja wanane mbele yake na kisu mkononi. Aliyeambiwa alikuwa Mitchel Muhonja, msichana wa miaka ishirini na tisa, gauni lake la njano limelowa jasho mgongoni na viatu vimejaa matope ya safari. Alikuwa amekumbatia sanduku la plastiki, lile la kubebea vitu baridi, na maji yalikuwa yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko.

"Nisaidie tu mama, hata bakuli mbili. Yangu imeyeyuka yote."

"Kwani ndani uko na samaki gani?"

"Si samaki."

"Ni nini? Dawa?"

Muhonja alitazama kushoto, akatazama kulia. Angesema ni dawa na mambo yangeishia hapo, lakini msichana huyu uongo ulimkwama kooni tangu utotoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Ni tope. Ya choo."

Kisu cha Quinter kilisimama hewani. "Uuuwi! Umeniletea choo kwa meza ya samaki?"

Foleni nzima ilirudi nyuma hatua mbili. Mama mmoja aliyekuwa ameshachagua mbuta wake alimrudisha mezani. Muhonja akatamani ardhi immeze.

Ndipo mtu mmoja aliposhikwa na kicheko. Alikuwa mwanamume mrefu, shati la samawati limepigwa pasi vizuri, ndevu zimechongwa, na alicheka mpaka akashika ubavu. Muhonja alimgeukia kwa hasira.

"Unacheka nini?"

"Pole, dada. Sikucheki wewe. Mama Quinter, hiyo choo imefungwa kwa chupa vizuri kuliko samaki yako yote. Mpe barafu."

"Mpe wewe! Barafu yangu inaendanga na samaki."

"Sawa. Nipimie ile mbuta kubwa, halafu uijaze barafu mpaka ishindwe kupumua."

Alipokabidhiwa mfuko, hakungoja. Alifungua sanduku la Muhonja palepale, akamimina barafu katikati ya chupa, akazipanga moja moja, akafunga kifuniko na kukikaza kwa kiganja. Mikono yake ilijua kazi hiyo. Muhonja aliona na akashangaa.

"Umejuaje?"

"Vifuniko vya bluu, karatasi ya saa na tarehe, na wewe unaangalia saa kila dakika. Sampo ikipoteza baridi, safari ni bure. Zinaenda maabara ya wapi?"

"Kisumu. Wewe ni nani?"

"Sydney Lusweti. Niko hapa suweji, mtambo wa majitaka. Mimi ndiye msimamizi."

Alilisema jina la kazi yake na kuvuta pumzi, maana miaka minane alikuwa akiwaambia wasichana kwamba anafanya "mambo ya maji". Waliogundua ukweli walianza kumnusanusa, kisha simu zao zikawa hazipatikani. Huyu hakumnusa. Huyu alitabasamu, na Lusweti akajua amepatikana.

"Na samaki?" Muhonja akauliza. "Umebaki na samaki bila barafu."

"Mchukue. Mpikie mtu unayempenda."

"Na kama sina?"

"Basi nipikie mimi."

Alimpikia Jumapili iliyofuata.

Mwezi ule na uliofuata, simu zao zilipata moto. Lusweti alipiga kila asubuhi kabla hajavaa gambuti.

"Habari ya minyoo, mpenzi?"

"Haijambo, inakusalimia. Na majitaka?"

"Yanatiririka, dia. Watu wa Kakamega wanakula vizuri."

"Wewe Sydney! Niko na chai mkononi."

"Kunywa. Baadaye itanifikia."

Muhonja alicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hakuwahi kuwa na mwanamume ambaye angemweleza kazi yake bila kukunja pua. Yeye alikuwa mkaguzi katika ofisi inayoidhinisha mitambo ya majitaka. Tope linalobaki mitamboni, likikaushwa vitandani, yaani kwenye sakafu pana zenye kuta fupi, kwa muda wa kutosha, huwa mbolea nzuri sana. Likitolewa mapema huenda shambani na mayai ya minyoo na magonjwa ya kila aina, na mtoto anayecheza kwenye mtaro wa miwa ndiye wa kwanza kuumwa. Kazi ya Muhonja ilikuwa kuchota, kupima na kutia saini. Mtambo wenye cheti hupeleka tope kwa wakulima. Usio nacho hauruhusiwi kutoa hata toroli moja.

Mtambo wa Lusweti haukuwa nacho. Kwa miaka mitatu alikuwa amefukuzana na cheti hicho. Alijenga upya vitanda vya kukaushia, akanunua madaftari, akawafundisha wafanyakazi kuandika tarehe. Huko Malava, ambako mama yake, Zipporah, analima miwa kwenye udongo uliochoka, wakulima ishirini walikuwa wameshaandikisha majina wakingoja tope la mjini. Kila akienda nyumbani walimuuliza jambo hilo hilo.

"Cheti kikija," alimwambia Muhonja Jumapili moja, mbele ya sahani ya obusuma na ingokho, ugali na kuku, katika hoteli iliyo nyuma ya soko, "nitatembea hapa mjini kifua mbele. Na nitakuja kwenu Mukumu."

"Kufanya nini kwetu?"

"Kuangalia vile nyasi inamea."

"Nyasi!" Muhonja alimrushia kitambaa cha mikono, na moyo wake ukaenda mbio.

Basi mwishoni mwa Januari simu ya ofisi ikalia. Alikuwa bosi wake, Bwana Kiplagat, mtu wa maneno machache.

"Muhonja, ukaguzi wa mtambo wa Kakamega nimekupa wewe. Uko hapo mjini, sioni haja ya kumtoa mkaguzi mwenzako Chepkorir Kisumu. Fomu nimekutumia."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Sekunde tatu zingetosha. Alifungua mdomo, kisha akaona picha ya Lusweti akimtazama kazini, yeye na koti lake jeupe na glavu zake, na akataka aonwe hivyo na mtu anayempenda. Ndivyo ilivyokuwa, na sitamtetea.

"Sawa, bosi," akasema.

Fomu iliuliza swali moja la maana: je, mkaguzi ana uhusiano wa damu, wa ndoa au wa biashara na mtu yeyote katika mtambo? Muhonja aliisoma mara nne. Jioni alimsomea Lusweti kwenye simu.

"Damu?" Lusweti akasema. "Hapana. Ndoa? Bado, umenichelewesha. Biashara? Samaki mmoja tu. Hujadanganya, mpenzi."

"Sydney, sichezi. Nikiandika ndiyo, atakuja Chepkorir."

"Kwani utanipendelea?"

"Hata kidogo. Nitakuchambua kama mchele."

"Basi nichambue. Vitanda vyangu viko safi, sina cha kuficha."

Muhonja akatia alama kwenye "hapana". Usiku ule usingizi ulimpaa.

Siku ya ukaguzi, saa mbili asubuhi, upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma kutoka upande wa msitu. Muhonja alifika na gauni la rangi ya krimu chini ya koti jeupe, nywele amezisuka upya. Alitia sahihi kitabu cha wageni langoni, jina na namba ya simu. Lusweti alimngojea akiwa na tai, tai kwenye mtambo wa majitaka, na nyuma yake Ignatius, mhudumu wa vitanda, mzee wa miaka hamsini na saba aliyefanya kazi hapo tangu ujana wake.

"Karibu, Madam Mkaguzi."

"Asante, Bwana Msimamizi."

Ignatius akajifunika mdomo kwa kofia. Alikuwa amewaona hawa wawili hotelini wakigombania paja la kuku, na hakuna wa kumdanganya.

Muhonja alifanya kazi bila kutabasamu. Katika kila kitanda alichota mahali kumi, juu mpaka chini, akachanganya kwenye beseni, akajaza chupa. Alianza na kitanda cha nne kwa sababu kilikuwa karibu na lango. Daftari lilisema kimekauka miezi kumi na sita, ndicho kikongwe kuliko vyote. Alipochomeka kijiko alihisi ubaridi kwenye glavu.

"Mbona juu kuna unyevu?"

Lusweti aliinama, akagusa, akakunja uso. "Umande, nadhani. Msitu uko karibu."

Muhonja aliandika: unyevu juu, msimamizi anasema umande. Kisha akasonga mbele, na wala hakumwangalia machoni mpaka kazi ilipokwisha.

Majibu yalirudi baada ya siku kumi. Muhonja aliyasoma akiwa amesimama, akakaa, akayasoma tena. Kitanda cha kwanza na cha pili, safi. Cha tatu, safi. Cha nne kilikuwa na mayai ya minyoo yaliyo hai, na bakteria wengi wa kinyesi kibichi, wale wasioweza kuishi katika tope lililokauka miezi kumi na sita. Maana yake kwa mkaguzi yeyote ilikuwa moja tu. Tope lile lilikuwa jipya, na daftari lilikuwa limedanganya.

Alimpigia Lusweti simu.

"Sydney, kitanda cha nne kimeanguka."

"Kimeanguka nini? Ukuta?"

"Majibu. Kuna kinyesi kibichi ndani."

"Haiwezekani."

"Niambie ukweli. Mlijaza lini kile kitanda?"

"Mwaka juzi Oktoba. Umeona daftari."

"Daftari nimeona. Tope pia nimeliona. Lilikuwa na maji, Sydney, na ukaniambia umande. Umande! Februari!"

"Unasema niliandika tarehe za uongo?"

"Nakuuliza."

"Hapana, hujaniuliza. Umeshahukumu." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu asiyemjua. "Ama nikuambie mimi vile ninaona? Uliogopa. Uliogopa wakijua juu yetu watasema umenipendelea. Kwa hivyo umenichinja mbele ili uonekane safi."

"Maabara ndiyo imesema, si mimi!"

"Chupa ulijaza wewe."

Muhonja alihisi kama amepigwa kofi. "Unajua Alhamisi kikao cha kuamua cheti kikisema rekodi ni za uongo utafungiwa miaka mitatu? Unafikiri hilo nalitaka?"

"Wale watu wa Malava wanaingoja hii kitu. Mama yangu anaingoja. Ungeandika ndiyo kwa ile fomu yako, angekuja mtu mwingine na leo ningekuwa na cheti."

"Ulikuwa unacheka kwa ile fomu! Wewe ndiye uliniambia sijadanganya!"

Lusweti akakata simu. Baadaye ukaja ujumbe mmoja wa maneno matano: Asante kwa kuniua, Madam Mkaguzi. Muhonja aliusoma mara nyingi kuliko alivyousoma ujumbe wowote wa mapenzi, akalia mpaka kichwa kikamuuma, kisha akaandika ripoti yake kama ilivyotakiwa. Alimpenda mtu yule na aliamini kwamba ni mwongo, na mambo hayo mawili yalikataa kukaa pamoja kifuani.

Siku zikapita bila simu. Mtamboni Lusweti alikuwa akizunguka kitanda cha nne kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alichimba chini kwa mikono yake. Chini tope lilikuwa kavu, jepesi, halina harufu. Hakuelewa.

Jumanne asubuhi Ignatius alimfuata pale, kofia mkononi.

"Mkubwa, kwani ni ukweli hii kitanda imeanguka?"

"Ni ukweli."

"Kwa sababu ya maji?"

Lusweti alisimama polepole. "Maji gani?"

"Ile ya siku ya mgeni. Vumbi ilikuwa mingi, upepo ilikuwa inarusha kila kitu. Nikasema bibi yetu, huyo utaoa, anakuja mara ya kwanza kwa boma, atapakwa vumbi kwa nguo? Kwetu bibi mgeni akikuja tunafagia na tunamwaga maji mpaka kwa lango. Sasa nikamwagia kitanda, kidogo tu, hapo juu. Ndoo sita."

"Maji ya wapi, Ignatius?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Mfereji ilikuwa imekauka. Bwawa ya mwisho iko mbali na mgongo yangu unaijua. Nilichota kwa bwawa ya pili. Ilikuwa imetulia, mkubwa. Safi kwa macho."

Lusweti alishika kichwa. Bwawa la pili ni majitaka yenyewe, yaliyopumzika wiki moja tu. Mtu aliyefanya kazi hapo miaka zaidi ya thelathini alikuwa amechukua uchafu wa mji mzima na kuunyunyizia kitandani, kwa heshima, ili gauni la msichana lisichafuke. Alitaka kupiga kelele, akajikuta anacheka, kisha machozi yakamtoka.

Muhonja hakumchinja. Muhonja alichota kilichokuwepo.

Alitoa simu. Kidole kilikuwa juu ya jina lake kilipokwama. Akimwambia, atasema. Anamjua, uongo humkwama. Atasimama mbele ya kikao aeleze habari ya ndoo, na swali la kwanza litakuwa, mzee alikuwa akimwandalia nani? Na jibu ni bibi yetu. Hapo fomu itatolewa kabatini, na mkaguzi aliyeficha mpenzi wake atafukuzwa kazi.

Akairudisha simu mfukoni.

"Ignatius, hii maneno usiseme kwa mtu. Hata kwa padri. Wakiuliza ulikuwa unamwagia nani, utasema bibi yetu, na yeye atafutwa."

"Lakini wakifunga mtambo?"

"Wacha wafunge. Miaka mitatu si maisha."

Alisema hivyo akigeuka upande mwingine, kwa sababu alikuwa amewaona akilini wale wakulima ishirini, na mama yake mbele yao.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Muhonja alikuwa ofisini, orofa ya kwanza, amevaa sketi ya bluu iliyokoza na blauzi nyeupe iliyofungwa mpaka shingoni. Kikao kilikuwa saa nne. Namba ngeni ikampigia.

"Hallo? Ni madam wa chupa?"

"Ni mimi. Nani mwenzangu?"

"Ignatius, wa suweji. Namba nimetoa kwa kitabu ya lango. Usikate, mama. Mkubwa akijua nimepiga ataninyonga. Ile maji ya kitanda ya nne, nilimwaga mimi."

Akaeleza yote, vumbi, upepo, ndoo sita, bwawa la pili. Muhonja alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Na ulimwambia Sydney?"

"Juzi. Alilia, mama. Akanikataza kusema."

"Kwa nini akukataze? Hii ingemwokoa!"

"Alisema wakiuliza nilikuwa namwagia nani, nitasema bibi yetu, na wewe utafutwa." Mzee alikohoa. "Mimi sielewi mambo ya ofisi. Lakini huyo kijana halali na hali. Ukiweza kumsaidia bila mimi kuingia jela, msaidie."

Muhonja aliweka simu mezani. Kwanza ilimjia furaha, kali mpaka ikamuuma. Si mwongo. Mtu wake si mwongo. Kisha ikaja hasira. Kisha hofu, na hofu ndiyo iliyokaa, kwa sababu kazi ile ilikuwa imesomesha ndugu zake wawili na ilikuwa kitu pekee alichojenga kwa mikono yake. Angenyamaza tu, hakuna ambaye angejua. Lusweti mwenyewe alikuwa ameamua hivyo. Ilibaki dakika arobaini.

Kikao kilianza kwa wakati. Mezani walikuwa watatu, Bwana Kiplagat katikati. Lusweti aliketi peke yake upande wa pili, lile shati la samawati halijapigwa pasi, mashavu yamebonyea. Hakumtazama Muhonja.

"Bwana Lusweti," Kiplagat akaanza, "hiki kitanda kina miezi kumi na sita, au hakina?"

"Daftari liko mbele yenu."

"Nimeliona. Nakuuliza wewe."

"Sina la kuongeza."

"Huna maelezo yoyote? Kinyesi kibichi kimeingiaje?"

Mshipa ulimcheza Lusweti kwenye shavu. "Sina."

Kiplagat alivua miwani. "Kijana, nikikosa maelezo naandika kwamba rekodi zenu si za kuaminika. Unajua maana yake. Mtambo hauombi tena kwa miaka mitatu, na jina lako linabaki kwenye faili."

"Andika."

Kiplagat akachukua kalamu.

"Usiandike," Muhonja akasema.

Alikuwa amesimama. Lusweti aliinua kichwa, akamwona, akatikisa kichwa haraka, mara mbili, akimwomba. Muhonja hakumjali.

"Rekodi zake ni za kweli. Isiyo ya kuaminika ni fomu yangu. Niliandika sina uhusiano na mtu wa mtambo huu. Huyu Bwana Lusweti ni mpenzi wangu tangu Novemba."

Mmoja wa wajumbe aliachia kikombe kikagonga sahani. Muhonja aliendelea, haraka, kabla ujasiri haujamwisha. Aliwaeleza habari ya Ignatius na vumbi na ndoo sita. Aliwaambia waende wachimbe chini ya kitanda waone. Aliwaambia pia kwamba yeye mwenyewe aligusa ule unyevu, na mkaguzi ambaye moyo wake hauko pale angesimamisha kazi na kuuliza zaidi. Siku ile alitaka kumaliza upesi kwa sababu kutazamwa na Lusweti kulimbabaisha.

"Hilo nalo ni kosa langu," akamaliza. "Liandikwe."

Kiplagat aliiweka kalamu mezani. "Ungeniambia Januari, ningecheka na kumtuma Chepkorir," akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na uchungu kuliko hasira. "Sasa siwezi kucheka."

Waliwatoa nje robo saa, kila mmoja upande wake wa ukumbi, kisha wakawaita. Ukaguzi wote ulifutwa. Hakutakuwa na cheti msimu huu wa kupanda. Chepkorir atakuja mwezi ujao kuchota upya, na kitanda cha nne kitahesabiwa kibichi tangu siku ile ya ndoo. Lusweti hakufungiwa. Muhonja aliondolewa kwenye orodha ya wakaguzi kwa mwaka mmoja. Atakuwa stoo, kuosha na kuhesabu chupa.

Walikutana kwenye ngazi za nje. Chini yao mji ulikuwa ukiendelea na kelele zake, bodaboda wakiitana, kanisa moja likijaribu vipaza sauti.

"Kwa nini umesema?" Lusweti akauliza. "Ningebeba. Nilikuwa nimeshaamua."

"Nani alikuomba ubebe?"

"Mitchel..."

"Hapana, nisikilize. Siku hizi zote nimekuita mwongo moyoni mwangu. Nilikulilia kama mtu aliyekufa. Na wewe Jumanne ukajua ukweli, ukaamua niendelee hivyo hivyo mpaka uzee? Huo ni upendo gani?"

"Nilitaka usipoteze kazi."

"Ni kazi yangu. Nikitaka kuipoteza, niipoteze mwenyewe."

Lusweti akainamisha kichwa. "Na mimi nilikuchukia," akasema. "Sitakuficha. Kabla ya Jumanne nilikuchukia kabisa. Nilisema huyu msichana amenikanyaga ili apande."

"Najua. Ulinitumia meseji."

"Ifute."

"Siifuti. Siku ukinikasirisha nitakuonyesha."

Lusweti alinyoosha mkono, akausimamisha njiani. Muhonja ndiye aliyeushika.

"Na usijidanganye," akamwambia. "Sikusimama pale kwa ajili yako. Ile saini ni yangu, na ilikuwa imeoza."

"Ndiyo maana nataka kukuoa."

"Nini?"

"Umesikia. Sina pete, sina cheti, shati langu liko hivi. Lakini nataka kukuoa, Mitchel. Usinijibu leo. Nijibu Chepkorir akishatoa matokeo. Nikipita utakuwa umechukua mtu wa maana."

Muhonja aliutazama uso ule uliokonda. Alifikiri kama alivyozoea kufikiri kazini, jambo moja baada ya jingine.

"Ukipita," akasema, "watu watasema nimekukubali kwa sababu ya cheti. Ukianguka, watasema nimekuhurumia. Na wewe mwenyewe siku moja utajiuliza ilikuwa lipi."

Uso wa Lusweti ukamwanguka. "Kwa hivyo ni hapana."

"Kwa hivyo nakujibu leo, kabla mtu yeyote hajachomeka kijiko kwenye tope lako. Ndiyo, Sydney. Nitaolewa na wewe."

Lusweti akakaa kwenye ngazi ghafla, na Muhonja akakusanya sketi yake ya bluu akakaa kando yake, watu wakipanda na kushuka wakiwapisha.